Yasin ya Ukurasa wa Nne

Mjukuu wangu alikuwa anajaza fomu ya chuo, akaniuliza editor ni nani hasa: anayesahihisha herufi, au anayeamua kitoke nini? Nikamjibu kwa ukali kwamba ni mtu yule yule. Akanishangaa, maana swali lake halikuwa na ubaya wowote.

Neno hilo nililipata Unguja, nikiwa kijana wa Kingazija kwenye kiwanda kidogo cha chapa. Kule editor alikuwa mtu mmoja: ndiye aliyerekebisha nukta, ndiye aliyekata habari, na mambo yakiharibika ndiye aliyeitwa polisi. Niliporudi Moroni, katika nchi ya wazazi wangu nisiyoijua, nikakuta Kifaransa kimeigawa kazi hiyo vipande vipande. Huyu anaandika, huyu anasahihisha, huyu ndiye mwenye gazeti. Mimi niliajiriwa kusahihisha tu. Lakini katika barua zangu za Unguja nilijiita editor, nikajiona mtu.

Ilikuwa miaka ya mamluki, wazungu wa kukodiwa waliolishika jeshi la nchi. Jarida letu lilikuwa la kurasa nne, la stensili, na kila Alhamisi mzungu mmoja wa kambini alikuja kulipitia kabla halijatoka. Kifaransa alisoma mwenyewe. Ikifika sehemu ya Kikomoro alimtazama mkurugenzi usoni, na mkurugenzi akanitazama mimi. Basi nikajifunza kukata mapema. Niliweza kuondoa maneno kumi na mwenye barua asione pengo. Nilijivunia hilo, na sasa naona haya kulisema.

Siku moja akaja mama mmoja wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, aliyefikia kwa jamaa zake Ntsoudjini, karibu na Moroni. Aliniita fundi, kama tunavyowaita walimu wa Kurani, ingawa mimi sikuwa mwalimu wa chochote. Mwanawe alikuwa anasomesha shule hapa Moroni. Askari walimchukua, na huu ulikuwa mwezi wa tatu. Kila asubuhi mama alipeleka bakuli la wali kwenye geti la kambi, askari wa zamu akalipokea, jioni akarudishiwa likiwa tupu. Kwa hilo bakuli tupu alijua kwamba mwanawe yu hai.

"Niandikie, fundi," alisema. "Mwanangu alichukuliwa na askari weupe, yuko kambini, sijamwona. Naomba Waislamu wamsomee Yasin atoke salama."

Nilimhurumia kwa kweli. Mkurugenzi angeitupa barua ile, lakini mimi niliona njia. Nikakata askari weupe. Nikakata kambi. Nikakata na "atoke salama", kwa sababu msomaji angeuliza atoke wapi. Likabaki jina la kijana, nyumba ya mama yake Mutsamudu, na ombi la Yasin. Jarida halikuwa na mahali pa watu wasiorudi, kwa hiyo nikaliweka ukurasa wa nne, pamoja na matangazo mengine yanayoomba Yasin. Nilijua wazi kwamba yale mengine yote yalikuwa ya vifo. Nikajiambia watu wa kwao wanajua habari zake, wataelewa. Mzungu alipita, hakuuliza kitu, na jioni ile nilikunywa chai yangu kwa raha.

Jarida lilipanda ndege mpaka Ouani, kwenye uwanja wa kisiwa chao, na Ijumaa likasomwa msikitini Mutsamudu. Watu wakafanya wanachofanya siku zote wakisikia jina na Yasin: wakaenda nyumbani kwa marehemu. Wakatandika mikeka, wakasoma hitima. Mke wa kijana yule akaingia eda.

Jumatatu mama akaja ofisini na bakuli mkononi. Wali ulikuwa bado na joto. Askari wa getini alikuwa amekataa kulipokea. Akatoa jarida letu mfukoni, akamwonyesha ukurasa wa nne. Alimwambia, "Mama, nyinyi wenyewe mmeshamtangaza. Hapa hatuna mtu wenu."

Aliniwekea bakuli mezani, juu ya karatasi zangu.

"Fundi, wewe ndiye uliyeandika. Andika tena. Andika yu hai."

Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi, naye ameinamisha kichwa, anasikia kila kitu. Niliogopa. Nikatafuta maneno ya kiofisi, nikamwita bweni, kama tunavyowaita mabibi wa heshima, nikamwambia, "Bweni, habari kama hiyo hatuwezi kuichapa bila uthibitisho."

"Na uthibitisho wa kufa kwake," aliuliza, "alikuletea nani?"

Hakupandisha sauti. Alisubiri jibu kwa adabu, kama mtu anayeamini kwamba fundi lazima awe nalo. Kisha akachukua bakuli lake, akatoka. Wiki ile alirudi Mutsamudu, akakaa kwenye mikeka ya msiba asiouamini, akipokea mikono ya watu.

Kijana hakuonekana tena. Nikipita chini ya dirisha na ndani wanasoma Yasin, nasimama mpaka wamalize. Rafiki yangu mmoja aliwahi kunituliza, akasema huenda kijana alikuwa ameshakufa zamani, na wali ule waliula askari. Nimejaribu miaka mingi kuliamini hilo. Siwezi. Naamini Ijumaa ile, jarida lilipokuwa linasomwa Mutsamudu, yeye alikuwa kambini, hai, na Jumatatu alikuwa bado anangoja bakuli lake.