Rangi ya Ng'ombe wa Sindano

Muhangi wa Nyakatuntu alizaliwa na shaka. Hata maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe aliyanusa kwanza ndipo anywe. Sasa, mwaka 1954, alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, na kila asubuhi mkojo wake ulichemshwa pamoja na dawa ya buluu ya kupimia sukari, nayo ikageuka nyekundu. Uchawi gani huo?

Fahali alikuwa amemkanyaga mguu, mfupa ukavunjika na kuunga ukiwa umepinda. Daktari alikubali kuupasua na kuunyoosha, ila kwanza sukari iliyomzidi mwilini ishuke kwa sindano za insulini, la sivyo kidonda hakitapona wala mfupa hautaunga. Muhangi akaguna. Mguu ndio unaouma, wao wanachoma paja. Lakini mfugaji asiyetembea atamfuata nani malishoni?

"Dawa hii mnaitoa wapi?" alimuuliza nesi Eugenia, msichana kutoka Muleba.

"Kwa ng'ombe, mzee. Kwenye kiungo kilicho nyuma ya tumbo lake."

Muhangi aliketi kitako. Ukoo wao hauli ng'ombe mwenye mstari mweupe mgongoni. Ni mwiko tangu mababu. "Alikuwa na rangi gani?"

Eugenia hakujibu. Daktari, aliyekuwa na haraka zake, akasema mwekundu. Kyarimpa, mke wa Muhangi, aliyekwisha kuchoshwa na mguu ule, akaapa kuwa alikuwa mweusi tii. Ng'ombe mmoja, rangi mbili! Muhangi akajifunika shuka mpaka kidevuni na kukataa sindano. Dawa ya buluu ikazidi kuwa nyekundu, upasuaji ukaahirishwa.

Siku iliyofuata akamwita nesi. "Wewe hujanijibu, mwanangu."

"Sijui, mzee. Inakuja ndani ya chupa kutoka Ulaya. Sikumwona, na daktari hakumwona. Huenda alikuwa na mstari. Ninachojua ni kwamba bila dawa hii mguu utaoza."

Muhangi alimtazama sana. Huyu angalau hakujifanya anajua. Aliogopa, tena aliogopa kweli, lakini alifunua paja.

Siku mkojo ulipoacha kuibadilisha ile dawa ya buluu, alipasuliwa, na sindano ziliendelea mpaka mfupa ukaunga. Alifika nyumbani kwa miguu yake. Hakumsalimu mtu, alipitiliza zizini kwa ng'ombe wake mwenye mstari, akamshika pembe.

"Kama alikuwa ndugu yako," alimnong'oneza, "nisamehe. Nilitaka niendelee kuwachunga."