Wivu wa Seremala na Upana wa Kiti

Mdogo wangu ni seremala wa milango na vitanda, mtu mpole, hana ugomvi na mtu ilimradi usimwangalie mkewe zaidi ya salamu. Ukimwangalia, randa inasimama. Aliwahi kususia bucha nzima kwa sababu mchinjaji alimwongezea shemeji kipande bila kuombwa. Tukala maharage hadi tukasahau ladha ya nyama, na mimi nikiwemo, maana nakaa kwao.

Shemeji ni fundi cherehani mwenye duka lake mtaani, mwanamke mwenye mwili hasa, na sauti yake inafika kabla yake. Mwaka juzi aliteleza kwenye ngazi, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikakataa. Tangu hapo akawa wa kubebwa, kitandani hadi dirishani, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Alitaka jambo moja tu: atoke mlangoni mwenyewe, bila mikono ya mtu.

Tukasikia kuna karakana inayotengeneza viti vya magurudumu kwa vipimo vya mtu. Fundi wa viti akaja, tepu shingoni. Kijana mtanashati, meno yote kinywani, tena ananukia. Nilipomwona tu nikajua leo kuna kazi.

"Mama, nitakupima nyonga na mapaja ukiwa umekaa."

"Mke wangu hapimwi," mdogo wangu akadakia. "Mimi ni fundi. Vipimo nitakuletea."

"Mzee, hii ni kazi tu."

"Na kazi naijua. Kwaheri."

Akampima mwenyewe kwa rula ya mbao, shemeji akiwa amelala ubavu. Na seremala ni seremala: kwake kitu kizuri ni kile kinachoingia kwa kukaza, kisicheze. Pale pa kuongeza, akapunguza. Uzito alioupeleka ulikuwa wa siku ya harusi, nadhani kwa mapenzi.

Kiti kikaja, kinang'aa. Tukamweka shemeji. Nasema kumweka, lakini ukweli tulimshindilia. Mikono ya kiti ikambana mapaja, chuma kikalia kama kitanda cha zamani, na kila akishika gurudumu vidole vinakwama kati ya mwili na chuma. Haikufika adhuhuri, ngozi ikawa imechubuka.

"Utakizoea," mdogo wangu akasema. "Hata kiatu kipya..."

"Hiki si kiatu. Nitoe humu, na umwite yule kijana."

"Kijana yupi?"

"Yule anayenukia."

Lo! Neno lile lilimshinda kumeza. Akagoma kumwita. Shemeji naye akageukia ukutani, kimya, na nyumba ile bila sauti yake ni redio iliyoishiwa betri. Mwishowe mdogo wangu akanifuata uani.

"Kaka, kamwite wewe. Nikimwita mimi itaonekana nimekubali."

Kijana akarudi na kiti cha majaribio. Akamkalisha shemeji kwenye benchi gumu, akapima pale mwili ulipotanuka zaidi, akatueleza bila haraka. Mtu mwenye mwili akikaa anaongezeka upana. Nyama za nyuma nazo humsukuma mbele, kwa hiyo magurudumu makubwa husogezwa mbele kidogo ili ayafikie. Na chuma huchaguliwa kwa uzito wa leo. Hapo mdogo wangu akatazama dari.

Wakamhamishia kwenye kile kiti cha majaribio.

"Sasa kiganja kipite kati ya nyonga na ubavu wa kiti," kijana akasema. "Kisipopita, kiti kinambana. Ikipita ngumi, kimezidi, atayumba, na mlangoni hakipiti."

"Kiganja cha nani?"

"Chochote, mzee."

"Basi changu." Akauchomeka mkono wake, mkono wa seremala uliojaa sugu, ukakwama. "Umeona? Lete kipana zaidi!"

"Mzee, mnene ni mkono wako."

Shemeji akacheka hadi akashika tumbo. "Wewe mwanamume! Nimewapima wanaume viuno mbele yako miaka yote, na bado uko hai. Kijana, pitisha mkono. Na wewe mume wangu, kama unaogopa, ushike ule mwingine."

Akaushika kweli! Kijana anapima kwa mkono wa kulia, wa kushoto umekamatwa kama wa mwizi sokoni. Kiganja kikapita vizuri.

Kiti chenyewe kilipokuja kilikuwa kipana, kizito, hakina urembo wowote. Shemeji akakaa, akashusha pumzi ndefu.

"Nikusukume?" mdogo wangu akauliza.

"Thubutu!"

Akayavuta magurudumu, akapita mlangoni pasipo kugusa huku wala huku, jua likampiga usoni, akaingia barabarani. Mdogo wangu kashika fremu ya mlango.

"Kaka, anaenda wapi?"

"Dukani kwake, wapi kwingine?"

"Duka liko kushoto."

Nikachungulia. Shemeji alikuwa amekata kulia, kwenye mteremko mdogo ambako kiti kinateleza vizuri, anasalimia watu kwa mkono mmoja, na wanaume wakiwemo.

"Wee! Mama! Ningoje!" Mdogo wangu akachomoka na ndala moja mguuni. Magoti yangu hayana mbio tena, nikakaa kibarazani nikiwatazama hadi wakapinda kona, shemeji bado mbele.