Atupele Alipotaka Kupiga Magoti

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa aibu niliyoipata na kwa heshima niliyojifunza. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni msichana msaidizi katika zahanati ndogo milimani juu ya Mbalizi. Ukunga sikuufundishwa darasani. Niliuokota katika kitabu chakavu alichonipa dresa, mganga wetu, nikakikariri ukurasa kwa ukurasa. Nakiri, niliogopa kukosea kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Asubuhi hiyo dresa alikuwa amekwenda Mbeya kuchukua dawa. Akaletwa Atupele, mimba yake ya kwanza, uchungu tangu jana. Nyuma yake alikuja Bibi Tusekile, mkunga wa kijijini, miguu peku, blanketi begani. Nilimlaza Atupele chali, kama ilivyo kwenye picha ya kitabu. Yeye akataka kupiga magoti, kama walivyozaa mama zake. Nikamrudisha mara tatu. Bibi nikamtoa nje.

Jua likapanda, mtoto hashuki, Atupele anaishiwa nguvu. Nikafungua kitabu tena, ukurasa uleule.

Bibi akachungulia mlangoni. "Mjukuu, hicho kitabu kimezaa wangapi?"

"Bibi, nafuata utaratibu."

"Fuata. Lakini mwenye uchungu ni huyu, si karatasi. Njoo tumwinue!"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikakitupa kitabu kando, nikasema, "Bibi, sijui. Nisaidie." Tukamwinua. Atupele akapiga magoti, akakumbatia shingo ya Bibi, na haukupita muda mrefu mtoto akanifikia mikononi, analia kwa hasira.

Bibi akachomoa kipande cha mwanzi akate kitovu. Nikamshika mkono polepole, nikamwonyesha mkasi uliokuwa ukichemka jikoni. Nilingoja matusi, maana nilistahili.

"Kumbe hata chuma mnakipika!" akacheka. "Haya, mwalimu, nifundishe."

Mwanangu, mama aliyepokea watoto nusu ya kijiji aliniita mwalimu, mimi niliyemfukuza asubuhi ileile! Tangu hapo hakukata kitovu tena bila kuchemsha wembe, na mimi sikumlazimisha tena mzazi kulala chali. Sijaona ukubwa wa moyo kama ule wa Bibi.

Basi wewe unayesomea uuguzi, soma sana, chemsha vyombo vyako. Ila ukikwama sema mapema, na umsikilize mzazi na aliyemleta. Mungu aibariki mikono yako, na kila mama utakayemhudumia arudi kwake akitembea, mtoto mgongoni.