Soksi za Chumba cha Kompyuta

Miaka ile shule za binafsi zilikuwa zinachipuka kila kona ya Arusha, na yetu ya Levolosi ilijivunia kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya sebuleni. Iliyokuwa inawaka ni moja. Kuingia chumba kile lazima uvue viatu, eti vumbi litaziua, na hapo ndipo nilipopatikana. Soksi zangu zilikuwa zimebaki shingo tu. Juu nyeupe, zimekunjwa vizuri. Chini, miguu mitupu. Mama alizikunja mwenyewe siku aliponileta kwa shangazi kutoka Nkoaranga. "Nani atakuvua viatu shuleni?" alisema.

Kila kipindi nilijibanza mwisho wa mkeka tuliokalia na kuikalia miguu yangu.

Siku moja mwalimu akasema kabla ya kugusa mashine tujifunze kuiamuru. Mtoto mmoja atakuwa kompyuta, mwenzake atatoa amri. Atakayeifikisha kompyuta yake dirishani bila kosa, ndiye atakayekaa kwenye ile inayowaka. Kompyuta nikachaguliwa mimi. Wa kuniamuru akawa binti wa muuza vitenge, jirani yangu mkekani, ambaye kila siku alichora vitufe kwenye daftari na kuvibonyeza kwa vidole vyote.

Nikasimama mlangoni. Vicheko vikaanza huku na huku, masikio yakaniwaka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nenda mbele," akasema. Nikaenda, visigino nje. Akaitazama miguu yangu.

"Geuka kushoto."

Dirisha lilikuwa kulia.

"Nenda mbele. Endelea. Simama."

"We binti, dirisha liko huko?" mwalimu akauliza. "Kompyuta haijui ulichokusudia, inajua ulichosema. Umekosea, kaa chini."

"Samahani, mwalimu."

Akarudi mkekani, na kiti cha kwenye mashine akapewa mwingine.

Labda mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilimnunia muhula mzima. Kuchekwa ningezoea, lakini huruma yake ilinivua hata zile shingo za soksi. Na aibu iliyozidi zote ni kwamba nilijua hakukosea. Aliposema simama, nilikuwa nyuma ya meza ya mwalimu, iliyozibwa kwa mbao mpaka sakafuni, na hakuna aliyeweza kuiona miguu yangu.