Zoezi la Nne la Mama Seli

Saa tatu asubuhi, wanasayansi kumi na wawili wamekodolea macho mstari wa kijani kwenye kompyuta. Mstari unaruka, unatua, unaruka tena. Ni seli ya neva, ila haina mwili. Imeundwa kwa hesabu tupu.

"Punguzeni umeme kidogo. Kidogo, jamani, msiizime kama taa," anasema mwalimu, akipita nyuma ya viti.

Wanafunzi wake ni watu waliobobea. Wamepasua panya mpaka wamechoka, lakini mbele ya kibodi jasho linawatoka. Yeye huwafundisha kuijaribu seli ya kwenye kompyuta wapendavyo, kabla hawajagusa kiumbe hai. Huu ni mwaka wa tisa. Chuoni wanamwita Mama Seli, naye huitika.

Zamani alikuwa na utani wake wa zoezi la nne, ambamo wanafunzi huidhoofisha seli taratibu mpaka mstari unalala. "Hapa hakuna msiba," aliwaambia. "Ikifa, bonyeza 'anza upya'."

Sasa mwaka mzima hajausema. Leo pia anatoka zoezi la tatu anaingia la tano, na mwanafunzi mmoja anapouliza, anajibiwa kwamba muda hautoshi. Muda upo. Kinachomshinda mwalimu kiko nyumbani.

Anaishi na mdogo wake wa kiume, fundi cherehani. Yalianza kwa mkasi kumponyoka, wakadhani ni uchovu. Kumbe seli za neva zinazopeleka amri kwenye misuli zilikuwa zinakufa, na madaktari hawana dawa ya kumponya. Miguu ilitangulia kulala, mkono wa kushoto ukafuata. Mkono wa kulia umebakiwa na kidole kimoja kinachotii, cha shahada.

"Namlisha. Namfunga vifungo vya mashati aliyoyashona mwenyewe," anasema mwalimu, akifuta macho kwa kiganja. "Halafu nije hapa niwaambie watu wabonyeze 'anza upya'? Mdomo unakataa."

Nyumbani, cherehani imefunikwa shuka kando ya dirisha. Mdogo wake ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Ulimi umekuwa mzito, lakini maneno bado yanaeleweka.

"Dada ananificha mambo kama mtoto," anasema polepole. "Nilimwambia nionyeshe kinachonila. Akanionyesha kwenye kompyuta, akalia yeye. Nikamuuliza, wanafunzi wako wanakiona hiki? Akasema huwa anakiruka. Sasa dada, nani atatafuta dawa, kama hata kuangalia unawanyima?"

Dada mtu anacheka, machozi yakimtoka. "Tangu utotoni hana adabu huyu," anasema, na kumpangusa mdomo kwa kitambaa.

Wamekubaliana. Kozi nyingine itaanza mwezi ujao, na fundi ataletwa darasani na kiti chake. Yeye ndiye atakayebonyeza kwa kidole chake, wanasayansi wakitazama, mpaka mstari ulale. Siku hiyo hakuna atakayegusa "anza upya".

"Sitarajii ipatikane dawa ya kumuwahi yeye," anasema mwalimu. "Natarajia mmoja wao akirudi maabara asimsahau."

Zoezi la nne ameshalihamisha. Sasa litakuwa la kwanza kabisa, asubuhi ya siku ya kufungua kozi. Anapoulizwa kwa nini asiliache palepale, siku ya nne ya kozi, anatazama kidole cha mdogo wake kilichotulia juu ya mkono wa kiti.

"Siku tatu ni nyingi," anasema.