Nyumba Isiyo na Uso

Saa mbili asubuhi, mvua ya Prince Rupert, mji wa bandari kwenye pwani ya baridi, inagonga dirisha la jikoni, na Delma Kinsley anachora mkia wa fisi maji kwa brashi iliyobaki nywele chache. Birika linachemka nyuma yake. Hageuki.

"Ngoja kidogo," anasema. Haijulikani anayeambiwa ni mwandishi wa makala haya au birika.

Picha iliyo mbele yake ni ndefu kuliko mlango. Meli ya kwanza ya wafanyabiashara wa Kizungu imetia nanga na mitumbwi ya mwerezi imeizunguka. Wanawake wameinua manyoya, wageni wameinua patasi za chuma na shanga za buluu, na kila upande unamtazama mwenzake kwa jicho la mtu anayejua kushusha bei. Nyuma yao, ufukweni, ipo nyumba kubwa ya mbao.

Nyumba hiyo haina uso. Kila kitu kimepakwa rangi, hadi mbwa anayejikuna kwenye mchanga, lakini ukuta wa mbele ni turubai jeupe, tupu.

Delma, mwenye umri wa miaka 57, ni mchoraji wa gazeti la kila wiki la mji huu. Huchora vikaragosi vya madiwani, ramani za barabara zilizofungwa, na lile wingu la mvua la ukurasa wa pili ambalo, anasema, halijawahi kupewa likizo. Kwa mchoro mmoja hulipwa dola arobaini. Kiangazi hujazia kwa kusafisha samaki kiwandani, kisha hurudi nyumbani mikono imekufa ganzi na kushika brashi.

Picha za wafanyabiashara walipokutana na Watsimshian, watu wake, wenyeji wa pwani hii, huzichora kwa muda wake mwenyewe. Nane zimekamilika. Hii ndiyo ya mwisho, na ndiyo aliyoianza kwanza.

"Vitabuni tunachorwa tumeduwaa, midomo wazi," anasema. "Nani aduwae? Bibi zetu walikuwa wakiuziana na pwani nzima hao wageni hawajajua kama kuna pwani. Walimtazama mtu, wakaitazama patasi yake, wakasema, ongeza."

Sura za picha hizo ni za watu wa mji. Mwanamke mwenye ngozi ya fisi maji ni Lynette, muuzaji wa duka la samaki. Nahodha ni mhariri wa Delma, Gordon Thrale, aliyechaguliwa kwa sababu ya ndevu zake. Tangu achorwe hana raha akienda dukani.

"Nahodha! Manyoya ya bibi yangu utayalipa lini?" Lynette humwita kutoka nyuma ya kaunta.

"Nilishalipa kwa shanga."

"Shanga gani zile, zilichuja rangi mvua ya kwanza tu!"

Lakini maneno yakifika kwenye ukuta mweupe, utani hukoma.

Kwa Watsimshian mtoto ni wa ukoo wa mama. Delma ni wa ukoo wa Kunguru, kama mama yake. Nyumba ya ufukweni ilikuwa ya upande wa baba, watu wa Tai, na alama iliyochorwa mbele yake ni mali yao, kama jina lilivyo mali ya mwenye nalo. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuichora bila idhini yao. Anayeidhinisha leo ni mmoja tu: Cora Brend, shangazi yake Delma, mwenye miaka 86, anayeishi kijijini ng'ambo ya maji.

Tatizo si kwamba Delma haijui alama yenyewe.

Wakati serikali ilipopiga marufuku karamu za jadi za kugawa zawadi, mbao za ukuta ule zilishushwa zikafanywa sakafu ya banda la samaki. Wendell, baba yake Delma, na dada yake Cora walitambaa juu yake wakiwa watoto. Banda liliungua baadaye, na picha haikupigwa hata moja. Delma alipokuwa mdogo, kila aliporudi kutoka baharini baba yake aliketi karibu na dirisha hili hili, akapumulia kioo, na kwenye ukungu wa pumzi akachora ukuta mzima kwa kidole. Kisha alikaa akiutazama ukiteremka na maji.

"Nilikuwa namwambia, baba, ngoja nilete karatasi. Ananiambia, karatasi hapana, mwanangu. Hiki si chako. Nakuonyesha tu nilikotoka."

Wendell alifariki Delma akiwa na miaka kumi na tisa. Siku za baridi kioo kinapopata ukungu, Delma huacha kukifuta. Hawezi kueleza kwa nini. "Mkono wangu unaujua ule ukuta," anasema, na kuufungia mkono huo ndani ya aproni kana kwamba unaweza kutoroka. "Kila ninapopaka bahari, unataka kwenda pale."

Amempigia shangazi simu mara nyingi akimwomba idhini. Kila mara Cora hujibu, "Simu haina mashahidi," na kukata. Delma alielewa kwamba amekataliwa.

Jumamosi picha zote tisa zitatundikwa kwenye ukumbi wa mji. Jumatano Gordon alipita kuzitazama.

"Weka chochote pale, Delma. Weka ndege. Nani atajua?"

"Mimi."

"Watu watadhani hujamaliza."

"Watakuwa wamedhani kweli."

Alhamisi mchana mlango unagongwa kwa fimbo. Ni Cora Brend mwenyewe, ameteremka kwenye feri na nyonga yake mbaya, koti limelowa, mkononi mfuko wenye chupa za samoni wa kukausha kwa moshi. Hasalimii.

"Nimesikia kwa Lynette kwamba Jumamosi unatundika nyumba yetu. Nimekuja kuona umeiba nini."

"Karibu, shangazi. Keti kwanza."

"Nitaketi nikishaona."

Anasimama mbele ya picha. Anaanzia kwenye meli.

"Hawa wageni wako wamenawa mno. Bibi yangu alisema walikaa baharini hadi ukawanusa kabla hujawaona." Anasogea. "Na huyu chifu mbona amekonda? Watu wetu walikuwa wanakula, Delma."

"Nitamnenepesha."

"Mnenepeshe."

Kisha anafika ufukweni. Fimbo inatulia. Delma anasimama karibu na jiko, kitambaa cha rangi mkononi, amekibana kama mtoto anayesubiri kuulizwa nani kavunja kikombe. Cora ananyoosha kidole hadi kinakaribia turubai, bila kuligusa, anakipitisha juu ya weupe ule, toka pembe hii hadi pembe ile.

"Umeacha," anasema.

"Si yangu."

"Na baba yako alikuonyesha. Najua alikuonyesha, alikuwa hawezi kuficha kitu yule."

"Alinionyesha."

Cora anaketi sasa, taratibu. Halafu anajikokota na kiti hadi dirishani. Mwandishi wa makala haya anaambiwa ageukie upande wa kabati, na anageuka. Inasikika pumzi ndefu kwenye kioo, kisha mlio wa kidole kikipita.

"Jicho," sauti ya Cora inasema. "Wendell alikuwa anakosea jicho kila siku. Unaona? Liko hivi."

Delma anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Basi, usilie kwenye samaki wangu. Nimewatia chumvi tayari."

Ruhusa ya kugeuka inapotolewa, kioo kimeshafutwa kwa mkono wa koti, na nje inaonekana mvua tu.

"Sasa nisikilize," Cora anasema. "Mimi nilikwambia simu haina mashahidi, wewe ukasikia shangazi amekataa. Miaka yote hii gazetini, husikilizi? Ita watu. Walishe washibe. Wape zawadi za kubeba nyumbani. Nitasimama mbele yao niseme kwa mdomo wangu kwamba nyumba ya Tai imemruhusu mtoto wa Wendell. Hapo ndipo utapaka. Kabla ya hapo nikiona hata nukta pale, nitakuja na fimbo."

"Lini, shangazi?"

"Samaki wakishafukizwa. Huwezi kuita watu na meza tupu."

Yaani vuli. Feri ya jioni inamrudisha Cora kijijini, na Jumamosi picha ya tisa inatundikwa na nyumba yake isiyo na uso. Wapo wanaouliza. Lynette, aliyesimama chini ya sura yake mwenyewe, anawajibu: "Mwenye nyumba bado hajasema. Njooni vuli, mje na njaa."

Sasa Delma anajiandaa kwa karamu. Chini ya kitanda ana mablanketi ya zawadi aliyoyashona mwenyewe. Banda la moshi amelitengeneza paa. Chifu amenenepa. Kila akimaliza wingu lake la ukurasa wa pili, anasema, anahesabu miezi, kisha anaona aibu kuhesabu, kwa sababu anajua anachokihesabu ni umri wa mtu.

Kwa hiyo kila jioni anapiga simu kijijini. Husingizia jambo: kuuliza hali ya hewa, chumvi kiasi gani kwenye samaki, nyonga inaendeleaje. Shangazi hadanganyiki. Hapokei kwa salamu.

"Bado nipo," anasema Cora. "Wewe samaki wamefika wangapi?"