Perlita na Mlango wa Wanawake

Mimi nauza samaki wakavu, na mtu anayenuka samaki tangu alfajiri hana haja ya kuyapaka maneno manukato. Nasema wazi: Perlita alisalitiwa, na aliyemsaliti ni kumare wake, mama wa mtoto aliyemsimamia ubatizo.

Perlita ni jirani yangu wa kibanda hapa sokoni. Padri alimbatiza kwa jina la kiume, Policarpio, lakini ukija kumuulizia Policarpio utarudi kwako mikono mitupu. Hata mama yake, Mungu amrehemu, alikufa akimwita "Perlita, binti yangu." Nywele anatengeneza yeye, sare za shule anashona yeye, na kila Mei, tunapoandamana na Msalaba Mtakatifu, magauni ya wasichana wote wanaovikwa umalkia hutoka mikononi mwake. Choo akienda, anaenda cha wanawake, pamoja nasi. Tunapanga foleni, tunasengenya, tunaazimana sabuni. Hakuna aliyewahi kulalamika, labda juu ya maji kukatika.

Florenda naye alikuwa muuza maua wa pale kona kabla hajawa diwani. Alipojifungua binti yake, Jovelyn, alimwomba Perlita asimame kanisani awe ninang, mama wa ubatizo. Padri alikunja uso, akasema atamwandika upande wa mababa. Florenda akamjibu, "Andika utakavyo, Padri. Mtoto atajua mwenyewe amwite nani." Kanisa zima tukacheka. Tangu siku ile wakawa makumare, wakiitana "mare," na kwetu hilo si jambo la mchezo. Ukishika mshumaa wa mtoto wa mwenzio, mmekuwa damu. Humnyimi, hakunyimi, na humwombi akuonyeshe maandishi, maana hilo ni tusi.

Ndiyo maana Florenda alipogombea udiwani, Perlita alifunga kibanda akazunguka naye nyumba kwa nyumba. Alicheza juu ya lori mpaka viatu vikakatika kisigino. Florenda aliahidi sheria ndogo ya mji: mtu asifukuzwe kazi, asinyimwe chumba, asizuiwe mlango kwa sababu ya alivyo. Watu wakampa kura.

Loo, alipoipeleka barazani, vita vikaanza. Mchungaji Gedeon akawa redioni kila asubuhi, anapiga kelele kwamba ni mambo ya wazungu na mabinti zetu wameisha. Vijana watetezi wa haki wakaja kutoka jiji kubwa na bendera zao, nao ukiwauliza swali moja tu, basi wewe ni adui. Wote walikuwa wanapigania choo cha soko letu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiingia.

Siku moja Florenda akaja kutengenezwa nywele. Kati ya kibanda changu na cha Perlita kuna ubao mwembamba tu, na masikio yangu hayajawahi kuugua.

"Mare," Florenda akasema, "lazima tukutane katikati."

"Katikati ya wapi na wapi?"

"Ya Mchungaji na wale vijana."

"Na mimi niko wapi hapo?"

"Wewe uko moyoni mwangu. Angalia, utaniunguza sikio!" Wakacheka. Kisha Florenda akauliza polepole, "Lakini niambie kweli, kwani ukienda cha wanaume kuna nini?"

Perlita akamwambia. Kumbe lile jino la mbele, alilotuambia limevunjika alipoteleza kwenye maji ya samaki mbele ya meza yangu, halikuvunjika hivyo. Maji yalikatika choo chetu, akaingia cha wanaume, wachukuzi watatu wakampiga. Nami kwa ajili ya jino hilo nilikuwa nimemwomba radhi wiki nzima, nimemlisha samaki bure! "Usimwambie mtu, mare," akasema. "Watanionea huruma, na mimi huruma siiwezi."

Florenda akamkumbatia. Nilisikia wanalia wote wawili.

Alipoondoka nikachungulia juu ya ubao. "Mwambie akuonyeshe hiyo sheria kabla haijasomwa."

"Dada Pasing! Nimwombe kumare wangu karatasi? Si bora nimtemee mate tu?"

"Haya. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguo zangu nashona mwenyewe," akanijibu, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya baraza alivaa gauni la buluu, akakaa mbele kabisa. Florenda akasimama. Akasoma kuhusu kazi, tukapiga makofi. Akasoma kuhusu vyumba vya kupanga, tukapiga tena. Kisha akaweka karatasi chini. "Kuhusu vyoo," akasema, "tumepata njia ya katikati. Kuna mwenzetu, yumo humu ndani, alipigwa chooni pale sokoni mpaka akavunjwa jino. Kwa usalama wake, na kwa utulivu wa wote, yeye na wenzake watajengewa choo chao, nyuma ya machinjio. Cha wanawake kitabaki cha waliozaliwa wanawake."

Vichwa vyote vikageuka. Perlita akafunika mdomo kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa. Mchungaji akapiga makofi. Vijana wakatazamana, halafu nao wakapiga, maana kazi na vyumba vimepatikana. Funika kombe mwanaharamu apite.

Sitasema uongo, sheria ile ilileta kitu. Wasichana wawili wenzake Perlita waliajiriwa duka kubwa, na zamani wasingepita hata getini. Nawafurahia. Lakini mtu mmoja ndiye aliyechunwa ngozi ili wengine wapate viatu, na hakuulizwa.

Florenda alikuja kesho yake na keki ya wali. "Umenikasirikia, mare? Ningeng'ang'ania choo, tungekosa vyote."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Keki niliila mimi. Ilikuwa tamu, na hilo lilinikera zaidi.

Mlinzi akawekwa mlango wa wanawake, Temyong, kijana mpole anayeona haya hata kukutazama. Perlita hakwenda choo cha nyuma hata mara moja. Aliacha kunywa maji mchana, akikimbizwa na haja anapanda baiskeli ya magurudumu matatu mpaka nyumbani. Midomo ilikauka. Lakini gauni la maandamano aliendelea kulishona, kwa sababu mwaka huo Jovelyn ndiye aliyekuwa Malkia Elena, yule wa mwisho kwenye msafara, mkubwa kuliko malkia wote. "Mtoto hana kosa," akasema, nami nikafunga mdomo.

Siku ya maandamano tulikusanyika mbele ya soko. Gauni lilikuwa jeupe, matabaka kwa matabaka, limejazwa waya ndani. Ikawa kama kawaida ya watoto: msafara unataka kuondoka, malkia amebanwa na haja. "Ninang! Njoo unishikie!"

Perlita akakimbia naye. Temyong akasimama mlangoni, macho chini. "Dada Perlita, nisamehe. Nimeagizwa."

"Namshikia mtoto gauni tu, Temyong."

Watu wa Mchungaji walikuwa pale, simu zimeinuliwa. Florenda akafika, akaona mlango, akaona simu. Neno lake moja lingetosha. Nilimtazama mdomoni nikiliomba litoke.

"Tufuate sheria tu, mare," akasema. "Nitaingia naye mimi."

Akaingia. Tukasikia waya unagonga ukuta, kitambaa kinachanika, mtoto analia. "Si hivyo, Mama! Ninang! Ninang, uko wapi?"

"Nipo hapa mlangoni, mwanangu," Perlita akaita, paji la uso limegusa mbao. "Mwambie Mama ainue tabaka la chini kwanza. La chini. Halafu zungusha waya nyuma." Sauti yake haikutetemeka. Ningekuwa mie, ningetukana.

Walipotoka, gauni lilikuwa limechanika ubavuni mpaka kiunoni. Perlita akatoa sindano kwenye ukosi wake, akapiga magoti kwenye maji ya samaki na kushona, simu zikimtazama. Jovelyn alimshika bega hakuliachia. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, kwa upande, pale ambapo jino bado lipo.

"Asante, mare," Florenda akasema kwa sauti ndogo.

Perlita akasimama, akajifuta magoti. Akamwinamia kidogo, kama tunavyowainamia wakubwa wa serikali.

"Karibu, Mheshimiwa."

Ngoma zikaanza, msafara ukaondoka, na diwani wetu akatembea nyuma ya binti yake huku akilia mbele za watu. Mpaka leo Perlita hajamwita vingine.